Mawe matano ya mwaka 1952: shajara ya kutafuta mipaka ya msitu wetu, Kabare

Kabla ya kuanza

Naandika kwa ajili ya familia zenye karatasi ya zamani ya shamba kabatini, huku mawe yenyewe yamemezwa na pori. Sisi tunaishi Bukavu, mashariki mwa Kongo. Babu yetu alituachia hekta 6.3 upande wa Kabare, juu ya barabara ya kwenda Kavumu. Wakati wa Wabelgiji kilikuwa kipande cha shamba la kinini, mti ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. Mwenye shamba aliondoka, ikaja zaireanisation ya Novemba 1973, yaani serikali ya Mobutu kuchukua mali za wageni, shamba likakaa bila mwangalizi, na babu akanunua sehemu hii baadaye. Leo ni msitu wa mikaratusi. Ndani yake bado unakuta miti michache ya kinini, unaitambua kwa majani yanayogeuka mekundu yakizeeka.

Watoto wa babu wanataka kugawana. Mpima ardhi wa kadasta, ofisi ya serikali ya kupima na kuandikisha ardhi, alituambia wazi: jiwe la mpaka lililopo, yaani borne kama wengi tunavyosema hapa, analithibitisha haraka. Lililopotea linahitaji vipimo vipya, majirani waitwe, watu wasaini, na bei inapanda. Ndiyo maana tukaamua kuyatafuta wenyewe kwanza, wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi.

Sheria yetu tuliiweka siku ya kwanza. Tunatafuta, tunafyeka, tunapiga picha. Hatuhamishi jiwe wala hatupandi jipya. Kupanda ni kazi ya kadasta, na kuhamisha jiwe la mpaka ni kosa la jinai.

10 Juni 2023: Karatasi

Katika sanduku la babu tulikuta nakala ya hati ya upimaji ya mwaka 1952, pamoja na mchoro wa shamba lenye pembe tano. Tuliipiga picha mara tatu kwenye mwanga wa jua kabla ya kuikunjua zaidi, maana mikunjo ilikuwa imeanza kukatika. B ni borne, na kila upande una namba mbili, uelekeo na urefu. Nanakili hapa zilivyo:

B1 hadi B2: 372.40, mita 246
B2 hadi B3: 76.50, mita 198
B3 hadi B4: 141.00, mita 170
B4 hadi B5: 221.00, mita 205
B5 hadi B1: 300.60, mita 151

Mwenye macho makali ameshaona kosa letu lilipoanzia. Sisi lilitupita kwa wiki mbili.

17 Juni: Siku ya kwanza porini, hakuna kitu

Tuliondoka baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi ya Jumamosi asubuhi, pikipiki hadi Mudaka, kisha miguu. Tulikuwa mimi, kaka yangu, binamu wawili na vijana watatu wa kufyeka. Jiwe moja, B2, linajulikana na kila mtu: liko kando ya barabara na wachuuzi hulikalia wakingoja gari. Kwa hiyo tulianzia hapo. Tukashika dira ya mkono kwenye 76.5, tukavuta utepe wa mita 50 mara nne tukipanda kilima, tukafika mita 198, tukasimika kijiti. Tukafyeka mraba wa mita 8 kwa 8 kuzunguka kijiti na kuchokonoa udongo kwa chuma. Mizizi, mawe ya kawaida, chungu kilichovunjika. Jioni tukarudi mikono mitupu.

24 Juni: Mashimo tisa na ugomvi

Tulirudi tukafanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kujiuliza kama hesabu yetu ni sahihi, tuliongeza nguvu. Tulichimba mashimo tisa. Shimo la saba lilivuka na kuingia kwenye mihogo ya jirani bila sisi kujua.

Mama mwenye mihogo alikuja na watu kama kumi na watano. Aliuliza tunachimba nini. Kabla hatujajibu, mmoja wao alisema tunatafuta mali waliyoficha wazungu. Imani hiyo ina nguvu sana huku kwetu: chini ya kila jiwe lenye alama wazungu walizika kitu cha thamani. Tuliomba radhi, tukafukia, tukalipa mihogo. Kaka yangu alipiga magoti akapanda tena vipande vya shina kwa mikono yake, na naamini hilo ndilo lililotuokoa siku ile zaidi ya pesa.

Anayefuata njia hii asianze kama sisi. Kabla ya panga ya kwanza, nenda kwa chefu wa kijiji ukiwa na nakala ya karatasi, kisha kwa kila jirani anayepakana nawe. Waambie siku na saa, waalike waje kuangalia. Sisi tulifanya hivyo Jumatatu yake. Tulipokelewa vizuri, na tangu siku hiyo hatujachimba hata shimo moja bila mtu wa upande wa pili kuwepo.

Usiku wa tarehe 24 yenyewe, mtoto wa kaka yangu anayesoma sekondari aliichukua karatasi mezani akaisoma toka juu hadi chini. Akaniuliza: "Baba mdogo, duara lina digrii 360. Hii 372 inatoka wapi?"

Nilinyamaza kwa muda. Namba ilikuwa mbele ya macho yetu, ila kwa kuwa upande wa B1 hadi B2 unafuata barabara, hatukuwa na haja nao na hatukuusoma. Aliyepima mwaka 1952 hakutumia digrii. Alitumia gradi, ambapo duara zima lina 400 na pembe mraba ina 100. Ili kupata digrii unazidisha kwa 0.9. Kwa hiyo 76.50 yetu ni digrii 68.85. Tulikuwa tumepotoka kwa zaidi ya digrii saba na nusu, na kwenye mita 198 hiyo ni kama mita 26 pembeni. Mashimo yote tisa yalichimbwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kuweka jiwe.

Ukikuta hata namba moja inayozidi 360 kwenye hati yako, umepata jibu. Isipokuwepo, na hati ikiwa imeandika pembe za ndani za shamba, zijumlishe. Shamba la pembe nne likijumlika 400 ni gradi, likijumlika 360 ni digrii. La pembe tano kama letu ni 600 kwa gradi, 540 kwa digrii.

1 Julai: Kilima kinakula mita

Kwa uelekeo mpya tulikuwa na uhakika. Tukafika mita 198, tukafyeka, tukachokonoa. Hakuna.

Aliyetuokoa safari hii ni fundi masoni, rafiki wa binamu yangu, aliyekuja kutusaidia tu siku hiyo. Alisimama chini, akatazama utepe ulivyolala juu ya mteremko, akasema: "Nyumba hupimi kwa kulaza utepe kwenye ngazi." Urefu ulio kwenye hati ni wa usawa, kama vile ardhi yote ingekuwa tambarare. Utepe uliolala juu ya kilima unahesabu pia kupanda. Mteremko wetu una karibu digrii 20, na kwenye mteremko huo mita 198 za ardhini ni mita 186 tu za usawa. Tulikuwa tukisimama mita 12 kabla ya jiwe.

Tulipima upya kwa njia ya mafundi. Tulichukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga tukaujaza maji: mtu wa chini anashika ncha moja na wa juu ncha nyingine, na maji yanaonyesha usawa pande zote mbili. Utepe unavutwa kwenye usawa huo ukiwa hewani, na kutoka ncha ya utepe iliyo kwa mtu wa chini unateremsha timazi hadi ardhini. Ni hatua za mita 4 au 5, kwa sababu kilima kikiwa kikali mtu wa chini hafiki juu zaidi ya hapo. Mita 198 zilituchukua zaidi ya saa tatu. Hakuna njia ya mkato, na ukilegeza utepe hata kidogo makosa yanajumlika hatua kwa hatua.

Saa tisa alasiri, kijana mmoja alikuwa akifyeka mita mbili na nusu kutoka kijiti chetu. Panga ililia kwenye kitu kigumu. Aliinama akaondoa majani yaliyooza kwa kiganja, sote tukasimama. Lilikuwa jiwe jeusi la volkano lililochongwa, upana wa kama sentimita 20 kila upande, limefunikwa na kuvu ya kijani upande mmoja. Kichwani kulikuwa na msalaba uliochongwa, na mistari yake ilikuwa imejaa udongo. Kaka yangu aliusafisha kwa kijiti cha kiberiti taratibu, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka ukaonekana wote. Halafu ubavuni ikatokea 3.

Miaka 71. Babu hakuwahi kuliona jiwe hili, aliamini tu kwamba lipo.

Namna tulivyoacha kutumia dira

Kuanzia hapa mambo yalibadilika. Ukiwa na mawe mawili yaliyo mahali pake, mstari kati yao ni wa kuaminika kuliko dira yoyote. Kaskazini ya dira husogea kadiri miaka inavyopita, na mabati au chuma karibu nawe huivuta. Tulifanya hivi: kwenye B3, pembe kati ya B2 na B4 ni gradi 135.5, yaani karibu digrii 122. Tukapima mita 10 kutoka B3 kuelekea B2, tukapiga kijiti. Kisha tukafunga kamba mbili, moja ya mita 10 kutoka B3, nyingine ya mita 17.49 kutoka kijiti, tukazivuta zikakutana. Mahali zinapokutana ndipo njia ya B4 inapopita. Kamba itumike ya nailoni isiyonyumbuka. Kosa la sentimita 1 kwenye pembetatu hii linakuwa kama sentimita 35 mwisho wa mita 170.

Simu tulitumia tu kukumbuka mahali tulipokuwa. Chini ya miti ilikuwa ikiruka mita 8 hadi 15, huwezi kutafuta jiwe la sentimita 20 nayo.

8 Julai: Mzee

Chefu wa kijiji alituelekeza kwa mzee mmoja anayeishi ng'ambo ya bonde. Siku hiyo hatukubeba panga. Tulibeba kasiksi, pombe ya ndizi, na sukari.

"Asinge, mzee."

"Asinge, wanangu. Ninyi ni wajukuu wa yule aliyenunua kinini."

Mwaka 1952 alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na miwili, akiwachotea maji watu waliobeba mnyororo wa kupimia. Alikumbuka walivyokata njia nyembamba kati ya miti ya kinini ili waonane, na mwenye shamba alivyokasirika kwa kila mti uliokatwa. Nilimwuliza kama anakumbuka mawe yalivyopandwa. Alinyamaza, akaweka kikombe chini, kisha akaonyesha kwa mikono: shimo lenye kina hadi gotini, chini yake walimwaga makala, yaani makaa, wakavunja chupa juu ya makala, wakafukia kidogo, ndipo jiwe likasimamishwa. Yeye ndiye aliyetumwa kuleta makala kutoka jikoni kwa mpishi.

Hilo halikuandikwa popote kwenye karatasi yetu. Jiwe linaweza kubebwa na watu wawili usiku mmoja, lakini makala na vioo vilivyo chini hakuna anayekumbuka kuvihamisha.

22 Julai: B4, jiwe lililo mahali pasipo pake

Kwa kamba na mpira wa maji tulifika kwenye kijiti cha B4. Hakuna jiwe. Lakini mita 11 mbele, upande wa nje, binamu yangu aliliona: jiwe jeusi lile lile, msalaba ule ule, limeegemea shina la mkaratusi. Vijana walishangilia. Kaka yangu akaanza kuhesabu mita 11 hizo zinatupa miti mingapi.

Mimi nilitazama kichwa cha jiwe. Juu ya msalaba kulikuwa na mifereji laini, mingi, yote ikielekea upande mmoja. Watu walikuwa wakinolea panga hapo kwa miaka. Halikuwa limesimama wima, na udongo chini yake ulikuwa mwekundu mtupu, mgumu, haujawahi kuguswa. Tulipitisha chuma chini ya ubavu wake bila kulisogeza. Hakuna makala wala kioo.

Tukarudi kwenye kijiti. Mbele ya mama wa mihogo na mwanawe, tulifungua udongo kwa mwiko wa ujenzi. Sentimita 40 kusini mwa kijiti rangi ilibadilika: duara la udongo mweusi, laini, ndani ya udongo mwekundu. Kwenye kina cha sentimita 60 mwiko ulitoa makala yakiwa bado meusi ti, na kipande cha kioo cha kijani, shingo ya chupa. Hatukukitoa. Tulipiga picha na rula kando yake, tukafukia.

Mzee alipoelezwa hakushangaa. Alisema vijana waling'oa jiwe lile zamani wakitafuta mali ya wazungu, hawakupata kitu, wakaliviringisha hadi walipochoka.

29 Julai: Mita 11

Hii ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kuliko kilima chote. Kwenye ukanda ule kuna mikaratusi 37, mingine ya kutoa nguzo. Kaka yangu hakutaka tuseme. Hoja yake haikuwa ya mtu mbaya: karatasi ni yetu, jiwe lina msalaba, na jirani hana hati yoyote. Ni kweli hana. Familia yake inashika ardhi kwa kalinzi, haki ya kimila waliyopewa na mwami, mtawala wa jadi, wakati wa babu wa babu yao, na mipaka yao haiko kwenye hati. Iko kwenye masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, na kwenye vichwa vya wazee.

Nilimwomba kaka tutembee pamoja, sisi wawili tu, kwenye mstari wa masale wao. Mengi yamekufa, yamebaki visiki vitatu vilivyo hai. Tulivuta kamba kupitia vyote vitatu. Kamba ilipita juu ya shimo lenye kioo cha kijani, si zaidi ya kiganja pembeni. Watu wasiojua kusoma na mpima wa mwaka 1952 walikuwa wamekubaliana mahali pale pale. Kaka alikaa kwenye gogo kwa muda mrefu, kisha akasema niende nikamwite mama.

Tulikutana mchana na familia zote mbili, chefu wa kijiji na mzee. Tuliandika karatasi moja kwa Kiswahili, nakala tatu: miti 37 tuliipanda sisi, tutaivuna sisi ndani ya miaka miwili, ardhi ni yao. Mama wa mihogo alisaini kwa kidole gumba. Baadaye alituletea sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na bugali, tukala chini ya miti ile ile.

12 Agosti: B5 na B1

B5 haipo na haitapatikana. Kwenye mita 190 kutoka B4 ardhi inakatika. Mvua imekula kilima na korongo limechukua kona nzima. Tulipiga picha kutoka pande mbili, tukapanda mianzi ukingoni ili lisiendelee kula.

B1 tunadhani imezikwa chini ya kifusi cha barabara. Hatukuchimba, barabara si yetu. Kwa B2, B3 na mahali pa B4, mpima anaweza kurudisha mbili zilizobaki kwa hesabu.

Gharama hadi leo

Safari saba. Usafiri dola 84, vijana wa kufyeka 60, chakula na vinywaji 47, kamba, mpira, rangi na misumari 23, utepe 15. Jumla dola 229, bila kuhesabu mihogo ya mama. Safari mbili za kwanza zilikula karibu 50 kati ya hizo, kwa sababu ya gradi peke yake.

Mpima ardhi amekubali kuja Septemba kabla mvua hazijashika. Kwenye B4 tumeweka kijiti chenye rangi nyekundu. Jiwe lenyewe limelala pale pale chini ya mkaratusi, na vijana wa kijiji wameambiwa watafute mahali pengine pa kunolea panga.